Amana ya Bwana Mtewele

Fremu ya tano ya Felista ilikuwa nyuma ya jengo, mlango ukitazamana na choo, na tangu jengo lijengwe hakuna mpangaji aliyedumu humo. Kinyozi alikaa msimu mmoja. Fundi cherehani alivumilia mpaka mvua za kwanza. Wa mwisho alikuwa muuza maandazi, na huyo hata kuaga hakuaga. Fremu nne za mbele, zilizotazama barabara pale Utemini, mjini Singida, zilikuwa na watu: saluni ya Kristina, duka la dawa za mifugo, wakala wa hela za simu, na kijana wa vifaa vya umeme. Kodi za hizo nne ndizo zilizoendesha nyumba, maana Edward, mume wake, alikuwa ameshazika kiinua mgongo chake chote cha udereva kwenye matofali na mabati ya jengo lile. Siku hizi alifuga kuku, na aliwapenda kiasi cha kushindwa kuwauza.

Kuna mwaka fremu tatu zilibaki tupu kwa mpigo. Binti yao Ritha alikuwa ndiyo kwanza ameanza kusomea uuguzi, akarudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Alikaa mwaka mzima akiuza mafuta ya alizeti kwa chupa kando ya barabara, na watoto wa mtaani wakampa jina la Nesi. Kila walipopita walimwamkia, "Nesi, shikamoo!" kisha wakakimbia. Felista aliyasikia hayo akiwa dirishani na yakamchoma. Siku Ritha aliporudi chuoni, mama yake aliapa kwamba mtoto yule hatakaa tena nyumbani kwa sababu ya mlango wa duka uliofungwa.

Ndipo akaenda kwenye semina ya wenye nyumba za biashara. Mwezeshaji alikuwa dada mmoja mpole aliyeshika kalamu nyekundu muda wote bila kuandika kitu. Akasema: ukiwa na fremu tano, ishi kama mtu mwenye nne. Ya tano ihesabu haina mtu, hata kama ina mtu. Halafu kwenye kodi ya hizo nne, kabla hujanunua hata chumvi, toa fungu uliweke mbali, mpaka litoshe kukuendesha miezi sita bila mpangaji. Watu wakatikisa vichwa kwa kukubali, wakanywa soda, wakachukua nauli zao, wakaondoka. Felista alibaki nyuma na swali.

"Mwanangu, hilo fungu naliweka mbali na nani?"

Dada yule akamwambia aliweke benki. Felista akashukuru. Aliona swali lake halijajibiwa, ila dada wa watu alikuwa na basi la kuwahi.

Wanasema akiba haiozi. Kwa Edward haikuwahi kupata muda wa kuoza. Hakuwa mlevi, wala hakuwa mtu wa wanawake. Ila alikuwa na ndugu, na hakujua kusema "sina" huku anacho. Mdogo wake Fabiano, aliyekaa Unyambwa, alikuwa na pua ya hela. Ukiweka akiba Jumatatu, Jumatano yuko mlangoni na kuku mkononi kama zawadi, na Singida nzima hapakuwa na kuku wa bei ghali kuliko huyo. Hakuwa mwongo. Shida zake zilikuwa za kweli kabisa, paa limeezuka, mtoto ameumwa, mkwe amekufa, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi, kwa sababu mwongo unaweza kumfukuza.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Felista aliliona kwa macho yake. Miaka ya nyuma mfugaji mmoja wa Ikungi alimwachia Edward mbuzi amtunzie, yeye akaenda kuuguza mkewe Dodoma. Alikaa huko hadi mbuzi wakazaana, wakajaa zizi. Fabiano alikuja na msiba, akaja na harusi, akaja na paa. Hata siku moja hakuwatupia jicho wale mbuzi. Mali ya ndugu ni ya ndugu, lakini mali ya amana ni ya mwenyewe, na watu wa kwao Edward waliweza kulala njaa huku mbuzi wa mtu akilia zizini. Felista aliyakumbuka hayo njiani akitoka semina. Kabla hajafika nyumbani, Bwana Mtewele alikuwa ameshazaliwa, mtu mzima wa makamo, mwenyeji wa Makambako, mbali kusini.

Alimtoa Makambako kwa sababu angemtoa Kiomboi, hapo jirani, kabla ya jua kuzama wangekuwa wameshajua mama yake ni nani na alibatizwa na padri gani. Akampa biashara ya vipuri vya viti vya daktari wa meno, kwa sababu alitaka duka ambalo hata likifungwa mwaka mzima hakuna mteja atakayelalamika.

"Nimepata mtu wa fremu ya nyuma," alimwambia Edward wakati wa chakula. "Ametoa hela ya kuishika. Ila bado ni hela yake, Baba Ritha, mpaka mzigo ufike na duka lifunguliwe. Asipofungua, tunamrudishia."

"Kwa hiyo ni amana."

"Ni amana."

Edward alinawa mikono kama mtu anayekwenda kushika kitu kitakatifu. "Amana haishikwi na mtu mmoja, Mama Ritha. Hiyo hela iende benki kwa majina yetu wote wawili, isitoke bila saini ya kwako na ya kwangu."

Felista hakulitegemea hilo, lakini akaona ni jema, maana hata yeye alikuwa na mikono. Akaunti ikafunguliwa. Kodi zilipoingia, alimpa mume hesabu iliyopungua kidogo, akailaumu hali ya biashara, ambayo siku zote inakubali kulaumiwa. Kilichopungua alikipeleka benki, akamwambia Edward kuwa Mtewele ameongeza. Bwana huyo aliendelea kuongeza kila kodi zilipolipwa. Mlango wa fremu ya tano ukapigwa rangi na kuandikwa MTEWELE VIFAA VYA MENO, na Edward, bila kuombwa, akawa anafagia mbele yake kila asubuhi ili mgeni akija asikute uchafu.

Kuwa na mpangaji asiyekuwepo si kazi nyepesi. Kristina wa saluni ndiye aliyekusanya michango ya misiba na maradhi kwa wafanyabiashara wa jengo lile, na hakuwa mtu wa kuruka mlango.

"Mama Ritha, huyu wa meno mbona hachangi? Au kwao watu hawafi?"

Felista alimchangia. Aliona aibu mpangaji wake aonekane bahili, hivyo akamtolea kidogo zaidi ya wengine. Baada ya misiba michache Mtewele akasifika mtaani kuwa ni mtu wa watu, mwenye kutoa bila kujionyesha, na hilo la kutojionyesha halikuwa na ubishi.

Fabiano naye akasikia habari ya amana. Alikuja na kuku wake, akaeleza shida yake, kisha akasema mwenyewe, "Najua kuna ile hela ya mgeni. Hiyo sitaki hata kuitaja." Akaondoka na alichopewa kutoka mfukoni mwa Edward, ambacho kilikuwa nauli. Sifa za Edward zikafika hadi kwenye jumuiya yao ya kanisa. Wakasema, mtu anayelala na hela ya mgeni na asiiguse ndiye wa kushika hela ya Mungu, wakamfanya mweka hazina. Edward alirudi nyumbani siku hiyo akitembea taratibu, na Felista, aliyempenda mumewe, alifurahi na kuogopa kwa pamoja.

Mwaka wa mwisho wa Ritha chuoni, kituo cha bajaji kilichokuwa mbele ya jengo kikahamishwa kwenda upande wa soko jipya. Bajaji ziliondoka na abiria, abiria wakaondoka na nywele zao, na Kristina akazifuata nywele. Kijana wa umeme akamfuata Kristina. Mambo yao wenyewe wanayajua. Wakala wa hela za simu alikaa kidogo akiwatazama kuku wa Edward wakivuka barabara, kisha naye akafunga. Ikabaki dawa za mifugo.

Ritha akapiga simu. "Shikamoo, mama. Ada isipokamilika mwisho wa mwezi huu, sitaingia kwenye mtihani."

Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, habari mbaya ilimkuta Felista amejiandaa. Alimwambia binti yake aendelee kusoma, akapika wali, akamkaribisha mumewe mezani.

"Baba Ritha, tuna ile hela ya Mtewele."

Edward aliweka kijiko chini. "Sisi hatuna. Mtewele ndiye anayo."

"Nimeongea naye. Amesema tutumie, tutamrudishia."

"Amesema kwa nani?"

"Kwangu."

"Mimi sikukatalii, Mama Ritha. Lakini hela ya mtu haitolewi kwa 'amesema.' Aje, au aongee na mimi, nimsikie kwa masikio yangu. Baba yangu alitunza ng'ombe wa mtu wa Mkalama mwaka wa njaa. Sisi tulikula majani. Yule ng'ombe alinenepa."

"Na mtoto je?"

"Mtoto Mungu anamwona," alisema Edward, na macho yake yakajaa machozi, kwa sababu naye alikuwa amewasikia wale watoto wakiamkia Nesi. "Mpigie mtu wako niongee naye."

Felista akasema simu yake haipatikani. Hilo halikuwa uongo.

Alitoka uani akakaa kwenye kigoda. Angeweza kurudi ndani akasema kweli. Lakini kweli yenyewe ilikuwa hivi: kwamba kwa muda wote ule alimpunguzia mumewe hesabu, kwamba mume wake alifanywa mweka hazina wa jumuiya kwa uaminifu wa kulinda hela yake mwenyewe, na kwamba hela hiyo, ikishajulikana ni ya Edward, Fabiano angekuwa mlangoni kabla haijahesabiwa. Aliona aibu, aliona hasira, na zaidi alimwona Ritha amekaa na chupa zake kando ya barabara. Akaamua kutafuta sauti.

Jumamosi alikwenda hadi saluni mpya ya Kristina, akamweka pembeni, akamweleza yote. Kristina aliweka kitana chini.

"Kwa hiyo ile michango ya misiba ulikuwa unatoa wewe?"

"Mimi."

"Na mimi nilikuwa namwombea." Kisha akasema ana binamu yake, Innocent, dereva wa lori la vitunguu, amekulia huko huko kusini na anaongea kama wao. Innocent aliitwa. Alikuwa mnene, mchangamfu, na alilipenda wazo lile upesi kuliko Felista alivyotaka. Wakakubaliana: atapiga jioni, ataongea na Edward kwa heshima, atasema hela itumike kwa ada. Felista akarudi nyumbani miguu ikiwa myepesi.

Aliwakuta Edward na Fabiano wamekaa sebuleni, viatu vyao vimejaa vumbi la mnadani. Safari hii Fabiano hakuja na kuku. Mbele yake kulikuwa na bahasha ya khaki.

"Shemeji, kaa," alisema Fabiano. "Kaka alikuja kwangu alfajiri akanieleza. Ada ya Ritha hiyo hapo, yote. Tumeuza maksai."

"Maksai gani?"

"Kwani ninao wengi? Wale wawili wa plau." Alicheka. "Usinitazame hivyo. Mtoto akae nyumbani na baba yake mdogo yupo? Na hela ya mgeni wa watu msiiguse. Jina la ukoo wetu limekaa humo."

Felista alifungua mdomo. Alikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa yamechelewa kwa muda wa safari moja ya kwenda mnadani na kurudi. Akalia. Wanaume wale wawili wakadhani analia kwa shukrani, wakamwacha alie, na kweli shukrani nayo ilikuwemo. Kisha akatoka nje akampigia Innocent amwambie asipige.

Ritha akafanya mtihani.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Felista alikwenda Unyambwa na kilo kadhaa za sukari na unga. Alimkuta Fabiano na mkewe Luciana shambani na majembe ya mkono, wameinama, na sehemu waliyokwishalima ilikuwa ndogo kama uwanja wa kanisa. Majirani walikuwa wakipita na ng'ombe wao na plau. Fabiano alimwona, akanyoosha mgongo kwa kuushika.

"Shemeji karibu! Nafanya mazoezi. Daktari alisema nina mafuta mengi."

Luciana hakucheka. Alikuwa amefunga kitambaa kiganjani na damu ilikuwa imepenya. Alimwamkia Felista kwa adabu, akapokea sukari, akarudi kwenye tuta lake. Felista, aliyekuwa amemchukia Fabiano kwa utaratibu mzuri, mwaka hadi mwaka, alijikuta hana pa kuiweka ile chuki. Aliporudi mjini hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Kristina, akamtaka yule dereva.

Alimweleza Innocent vizuri, akamrudishia maneno mara mbili. Bwana Mtewele ameahirisha biashara. Amesikia habari za maksai. Anaomba hela ya kununua maksai wawili itoke kwenye amana yake apewe Fabiano, na iliyobaki ikae hapo hapo mpaka atakaporudi. Iliyobaki ikae. Innocent akasema ameelewa.

Simu ililia Jumapili, baada ya misa, Fabiano akiwa hapo kwa chakula. Edward aliposikia ni nani, alisimama, akavua kofia, akaweka sauti kubwa ili wote wasikie.

"Mzee Edward, shikamoo!" ilinguruma sauti ya kusini. "Mtewele hapa. Mzee wangu, nimekata tamaa na duka. Nimechunguza sana. Watu wa Singida mna meno mazuri kupita kiasi."

"Ni maji," alisema Edward kwa majonzi. "Samahani sana, ndugu yangu."

"Si kosa lako. Nimesikia kuna mtu kauza maksai ili hela yangu isiguswe. Mzee, nimelia. Nimelia hapa barabarani, magari yananipita. Naomba huyo mtu anunuliwe maksai kwa hela yangu, wale wakubwa."

Fabiano alishika kichwa kwa mikono miwili. Felista, aliyesimama mlangoni na bakuli la mchuzi, alimwomba Mungu simu ikatike hapo. Lakini Innocent alikuwa ameonja utamu wa kutoa, na utamu huo ni mkubwa zaidi pale mtu anapotoa cha mwenzake.

"Na itakayobaki, mzee, sitaki hata senti irudi kwangu. Ipeleke yote kwenye jumuiya yenu!"

Edward aliitikia kwa kichwa mbele ya simu kana kwamba inamwona. Siku iliyofuata aliweka saini yake benki na Felista akaweka ya kwake chini yake, mwandiko ukiwa safi kabisa.

Maksai walinunuliwa, wakubwa, na bado mvua ilikuwa haijakata. Jumapili ya pili Fabiano alikuja na Luciana, kiganja kimepona, wakaletewa ugali na kuku. Edward alimwomba mdogo wake abariki chakula. Fabiano alisali kwa kirefu. Alimtaja Mtewele kwa jina, akamwombea safari zake, biashara zake na meno ya watu wa Makambako yaharibike kiasi cha kumpatia riziki, kisha akamwomba Mungu awape watu wa nyumba hii moyo kama wa yule mgeni.

"Amina," alisema Felista.

Fabiano alipokea firigisi, kama inavyomstahili mgeni wa heshima, akaitafuna akiwa ameinua uso kumtazama shemeji yake kwa upole wa kweli.

"Shemeji, wewe ni mtu mzuri, na sikusemi vibaya. Lakini kwenye mambo ya hela una mkono mgumu kidogo. Jifunze kwa yule bwana."

Luciana alimkanyaga mumewe mguu chini ya meza. Edward alitazama sahani yake. Felista alihisi machozi yakimpanda na kicheko kikiyafuata nyuma, akavimeza vyote viwili pamoja na tonge.

"Nimejifunza, shemeji," alisema. "Halafu nilisahau kuwaambia. Kuna mtu wa Tunduru amepiga juzi, anaiulizia ile fremu ya nyuma. Mzigo wake haujafika, ila angependa kuacha hela kidogo kidogo."

Edward na Fabiano wakatazamana, nyuso zao zikakunjuka.

"Mwambie asiwe na wasiwasi," alisema Edward. "Hela yake hapa hakuna atakayeigusa."

"Hata tufe," alisema Fabiano.

Felista hakuwa na shaka yoyote na hilo. Akamwongezea shemeji yake mchuzi, akamwuliza Luciana kama wamemaliza kupanda.